Vifungo Upande wa Kulia

Shingo kumi na nne. Bega kumi na sita na nusu. Mkono ishirini na tatu. Urefu, kutoka bega hadi juu kidogo ya kifundo cha mguu, hamsini na tano. Daftari lililokuwa na vipimo hivyo lilipotea Jeddah nilipokuwa nahama chumba, lakini halikuondoka na kitu, maana vyote ninavyo kichwani. Ni vipimo vya kanzu ya mwanamume, na aliyeivaa alikuwa mwanamke aitwaye Salha.

Nyinyi mnaokuja hapa kwangu Kisauni kujifunza cherehani hupenda kuniuliza niliwashonea akina nani huko Arabuni. Mnataka niwatajie maharusi wa kitajiri. Niliwashonea, ndiyo, na gauni la harusi la kule ni zito kama gunia la mchele, na mwenyewe hulivaa siku moja tu. Lakini katika miaka yangu kumi na minne ya Jeddah, kazi niliyoipenda ilikuwa mavazi ya jukwaani, na humo nililoliweza kuliko fundi yeyote ni kumvika mwanamke akawa mwanamume. Msicheke. Anayetaka kupiga pindo apige huku akisikiliza.

Nilikwenda kule kama mtumishi wa ndani, baada ya ndoa yangu kuvunjika. Mume aliniacha akasema nimekuwa baridi, na sikumlaumu, alisema kweli. Madam wangu aliniona siku moja nikirekebisha pazia kwa mkono, akaikagua ile mishono, na kesho yake akanitoa jikoni akaniweka kwenye karakana yake ya magauni. Basi ikama, kile kibali cha kukaa nchini, ikaendelea kuandikwa mtumishi wa nyumbani, na mimi nikawa fundi. Baadaye nikaruhusiwa kupanga chumba changu mwenyewe mtaa wa Al-Hindawiyah, ghorofa ya tatu, dirisha linatazama mabomba ya maji ya jirani.

Kila sikukuu Madam alikuwa akisimamia mchezo wa kuigiza wa wanawake katika ukumbi wa harusi. Na nikisema wa wanawake, ni wanawake watupu: watazamaji, waigizaji, wapiga ngoma, mpaka wapanga viti. Mlangoni alikaa mama mmoja mnene aliyekagua mikoba na kukusanya simu zote ndani ya mifuko yenye namba, kwa sababu mle ndani watu wamevua mabaibui na hakuna anayetaka picha yake itoke nje. Sasa niambieni, ni hadithi gani isiyo na baba, au kadhi, au mchumba? Kwa hiyo lazima mtu awe mwanamume.

Mimi jambo hilo halikunishangaza. Nyanya yangu alikuwa mtu wa lelemama, na alinisimulia walivyokuwa wakivaa kanzu na makoti na kushika bakora katika ngoma za wanawake hapa hapa Mombasa. Akasema kulikuwa na mwenzao mmoja ambaye ngoma ikiisha hakutaka kulivua lile koti, na alikuwa wa mwisho kuondoka siku zote. Nikamuuliza kwa nini. Nyanya akaendelea kuchagua mchele.

Kanzu yangu ya kwanza ya jukwaani niliishona vizuri mno. Kola imesimama, mkono umenyooka, pindo kama limechorwa. Salha akaivaa. Alikuwa mwanamke wa Kizanzibari aliyezaliwa Jeddah, mwalimu wa shule ya watoto, mrefu, mwenye sauti nene na mabega ya mpiga makasia. Kwao walisema Kiswahili cha Unguja, kwa hiyo tulielewana tangu salamu ya kwanza. Alizaliwa kule kule lakini alikuwa na ikama kama mimi. Akasimama mbele ya kioo, akapeleka mikono kifuani afunge vifungo, akasita.

"Riziki," akaniambia, "umenivika mwanamke aliyejifanya mwanamume."

"Vipi tena?"

"Vifungo. Umevitia kushoto. Wanaume vyao viko kulia."

Nilitaka kufa kwa aibu. Miaka yote nilishona nguo za kike, na mkono wangu ulikuwa umekwenda wenyewe ulikozoea. Nyinyi mnalijua hilo sasa kwa sababu nimewapigia kelele, lakini mimi nililifunzwa na mwigizaji. Nikamwambia hakuna mtu ukumbini atakayeona, watu wako mbali na taa ni kali. Akanijibu, "Mimi nitajua." Nikafumua.

Baada ya hapo nikajifunza kweli. Kulikuwa na mzee wa Kihadhrami aliyeshona thobu, ile kanzu ya Wasaudia, karibu na kwangu. Haikuwa adabu mimi kuingia dukani mwake, basi nikasimama mlangoni nikijidai nasubiri mtu, na yeye akijidai hanioni huku akikata kitambaa taratibu ili nione. Mzee yule alinifunza mambo mengi bila kunisemesha hata neno moja.

Shikeni hili. Fundi mjinga akitaka kuficha kifua cha mwanamke hukikaza kwa kitambaa. Mwigizaji hapumui, sauti inakuwa ya panya, na kitendo cha pili anazimia. Usikaze kifua. Ongeza tumbo. Shona mto mwembamba wa pamba, ufunge kiunoni, na kifua kitapotea chenyewe, maana jicho la mtazamaji huona kitambi likasema huyu ni baba. Pindo litie uzito. Mimi nilinunua chubwi, zile risasi ndogo za wavuvi, kutoka duka moja upande wa bandarini, nikazishonea ndani ya pindo ili kanzu ianguke na isirukeruke. Na kiatu kiwe kikubwa kwa namba moja, mtu atatembea kiume atake asitake. Ndevu zibandikwe kwa gundi inayotoka kwa mafuta ya nazi. Mwaka mmoja nilitumia gundi isiyojulikana, ndevu zikagoma kutoka, na mwenzetu aliyeigiza kadhi akaenda kazini siku tatu amejifunika nikabu yeye ambaye hakuwahi kuivaa. Wenzake wa kazini wakampongeza kwa kushika dini.

Salha hakuhitaji hila nyingi. Sikukuu moja alikuwa akiigiza baba anayemfukuza mkwe, na sauti yake ikapenya ukuta. Askari aliyekuwa lango la nje akaanza kugonga mlango kwa kirungu, anapiga kelele kwamba kuna mwanamume ndani. Wanawake mia tatu wakakimbilia mabaibui. Yule mama wa mlangoni akatoa kichwa akamwambia, "Mafi rijal! Hakuna mwanamume hapa!" Askari akasema amemsikia kwa masikio yake. Ikabidi Salha asogee nyuma ya mlango aseme kwa sauti yake ya ualimu, "Ndugu yangu, ni mimi, mwanamke, tunacheza." Askari akashusha kirungu, akasema, "Kama ni hivyo, huyo mkwe alistahili." Tulicheka mpaka ndevu zikabanduka.

Sasa niwaeleze lile ambalo hamjaniuliza. Baada ya kila mchezo, vikaratasi vililetwa nyuma ya jukwaa. Wanawake waliandika beti, wengine walituma manukato, na havikuwa vya Salha yule mwalimu, vilikuwa vya bwana aliyekuwa jukwaani. Wengi walikuwa wanatania. Wachache hawakuwa wanatania, na nilijua kuwatofautisha, kwa sababu waliotania waliandika majina yao. Salha alivisoma, akavikunja, akanipa nivitie kwenye kopo la vifungo. Nilivitia. Na mimi sikuandika kikaratasi hata kimoja, ingawa nilikuwa na mengi kuliko wote.

Nilimpenda. Nalisema leo na miaka sabini yangu, wala sitalisema kwa mafumbo. Katika lugha yetu, maneno ya kuwaita watu wa namna hiyo niliyasikia kwenye ugomvi wa bombani tu, yote matusi, na mtu hawezi kulichukua tusi akalitumia kuuita moyo wake. Kwa hiyo sikuuita chochote. Nilimpima. Kila sikukuu nilimpima upya, shingo, bega, mkono, ingawa vipimo havikubadilika hata nusu inchi, na yeye alisimama akapimwa wala hakuniuliza kwa nini.

Ijumaa moja mchana alikuja kwangu Al-Hindawiyah kujaribu kanzu. Tulikuwa tumekula wali na samaki. Nilikuwa nimepiga magoti nikirekebisha pindo lake, akaanza kusema huku akitazama dirishani.

"Riziki, watu hunisifu naigiza vizuri. Wallahi siigizi. Naigiza huko nje, nikienda kufundisha, nikikaa na mashangazi wananiuliza naolewa lini. Pale juu ndipo ninapopumzika."

Nilikuwa na pini mdomoni. Mafundi, pini mdomoni ni kisingizio kizuri sana, huwezi kujibu. Nikaendelea na pindo. Lakini nadhani alijua nimesikia, kwa sababu aliweka mkono kichwani mwangu, kidogo tu, akauondoa.

Kisha mambo yakabadilika. Mliokuwa wadogo mlisikia redioni: wanawake wanaendesha magari, sinema zimefunguliwa, muziki migahawani, na jukwaani mwanamke na mwanamume wanasimama pamoja mbele ya watazamaji mchanganyiko. Tulipiga vigelegele, na tulikuwa na haki. Madam alilia machozi ya furaha. Wasichana waliokuwa wanaigiza kwa kujificha sasa majina yao yaliandikwa kwenye mabango. Mimi mwenyewe nilipanda gari linaloendeshwa na mwanamke nikajisikia malkia. Sitaki mtu aondoke hapa akisema Bi Riziki alililia zamani.

Lakini mlango huo uliowafungulia wengi ulimbana Salha kidole. Madam alipata mwaliko wa kupeleka mchezo Riyadh, ukumbi mkubwa, siku tatu, na mwongozaji mpya, kijana aliyesomea ng'ambo. Salha akaenda kuomba nafasi ya baba, ile aliyoicheza miaka minane. Yule kijana akacheka, tena kwa upole.

"Dada yangu, halas, yale yamekwisha! Wanaume tunao sasa. Nyinyi mmekombolewa, chezeni wanawake."

Akampa nafasi ya mama wa bibi harusi. Sentensi kumi na moja na kulia mara mbili.

Alikubali. Alisema ni heri kusimama pale juu na gauni kuliko kukaa chini. Gauni lake nililishona mimi, la rangi ya zeituni, refu, lina mpasuo wa vifungo vitano kifuani. Siku ya kujaribu alikuja karakanani wenzetu wamekwenda kuswali, akalitazama likiwa bado halijatiwa vifungo.

"Nina ombi," akasema. "Gauni nitalivaa. Shela nitavaa. Mkitaka nilie nitalia. Lakini vifungo nitilie kulia, kama kwenye kanzu yangu."

"Mtu ataona."

"Nani? Wewe mwenyewe fundi hukujua mpaka nikakuonyesha."

"Yule msimamizi wa mavazi wa Riyadh. Anapiga picha kila nguo, ana macho ya mwewe."

"Mwambie umekosea."

"Salha, sisi ni watu wa ikama. Wataturudisha."

"Kwa vifungo vitano?" Alicheka kidogo, kisha uso ukatulia. "Sitaki watu wajue, Riziki. Nataka nijue mimi. Na wewe."

Siku ile sikuwa na pini mdomoni. Nilikuwa na mdomo mtupu na nafasi ya kusema, na nikasema, "Nitaangalia." Nyinyi ni watu wa pwani, mnajua mtu akikwambia nitaangalia amekwambia nini.

Nikavitia kushoto. Nilijidanganya kwamba ni kwa sababu ya msimamizi, kwa sababu ya ikama, kwa sababu ya Madam aliyenitoa jikoni. Hofu hizo zilikuwepo. Lakini iliyonishinda nguvu ni nyingine: kwamba nikishona vile alivyotaka, nitakuwa nimemjibu. Na nilikuwa nimekaa miaka minane nikiogopa kujibu.

Riyadh kulikuwa na baridi kavu inayopasua midomo. Siku ya kwanza nilimvika mimi mwenyewe. Mikono yake ikapanda kifuani, ule wa kulia ukakitafuta kifungo pale ulipozoea, ukapapasa kitambaa kitupu. Akanitazama kupitia kioo. Nilingoja anitukane. Akavifunga vyote vitano, polepole, kama mtu anayejifunza.

"Ahsante, fundi," akasema.

Hakuwahi kuniita fundi. Tangu siku ya kwanza nilikuwa Riziki.

Alicheza vizuri, watu walilia alipolia. Siku ya pili na ya tatu alisema atajivika mwenyewe, nisijisumbue. Mimi nilisimama pembeni mwa jukwaa na sindano zangu, hatua tano kutoka kwake, nikawashughulikia wengine. Mchezo ulipokwisha akarudi Jeddah kwa ndege ya asubuhi. Mimi nilibaki kukusanya nguo.

Siku iliyofuata, mchana, nikiwa chumba cha mavazi peke yangu, nililitoa gauni la zeituni nilifue. Nikapeleka mkono nifungue vifungo, mkono ukakosa.

Vilikuwa kulia. Vyote vitano. Alikuwa amevikata na kuvishona upya, kwa uzi mweusi juu ya kitambaa cha zeituni, mishono inakwenda huku na huku kama kuku aliyekanyaga wino. Salha hakujua kushika sindano. Matundu mapya ameyatoboa kwa mkasi upande wa kushoto, hayakupigwa ukingo, nyuzi zinachuruzika. Matundu yangu mazuri niliyoyafanya kwa mkono ameyaacha wazi. Kando ya kifungo cha tatu palikuwa na tone la damu lililokauka.

 Nikaenda kuuliza alivihamisha lini. Mwenzake wa chumba akaniambia alikesha akishona baada ya mchezo wa kwanza. Kwa hiyo alisimama na vifungo vyake siku mbili nzima mbele ya ukumbi uliojaa. Msimamizi alipiga picha zake na hakuona. Mwongozaji hakuona. Hata mimi, hatua tano tu, mimi niliyekijua kila kipimo cha mwili ule, sikuona, kwa sababu siku zile mbili sikuthubutu kumtazama.

Nilimpigia simu, haikupatikana. Niliporudi Jeddah nilikwenda shuleni kwao, wakasema ameacha kazi. Shangazi yake alinifungulia mlango nusu akasema kasafiri, wala hakuniambia wapi. Nilikaa Al-Hindawiyah miaka miwili zaidi. Kila Ijumaa nilipika wali wa watu wawili kwa mazoea, nikala nusu, nusu nikampa mlinzi wa jengo. Nilishona magauni. Sina hata picha yake moja ndani ya kanzu, maana simu zote zilikaa mlangoni, na hivyo ndivyo tulivyotaka wenyewe.

Gauni sikulirudisha. Nilimwambia Madam limeungua na pasi. Ndicho kitu pekee nilichoiba maishani, na kimo ndani ya kasha hilo mnaloliwekea vikombe vya chai. Nimewahi kulitoa mara nyingi, nikatia uzi sindanoni, nikataka kuyapiga ukingo yale matundu yasizidi kuchuruzika. Ni kazi mbaya kuliko zote zilizopita mikononi mwangu. Kila mara nimeirudisha sindano.

Basi msinicheke mteja akija nami nikamuuliza, mwanamke kwa mwanamume, "Vifungo nikutilie upande gani?" Najua mnasema pembeni kwamba mzee ameanza kusahau kazi. Karibu wote hunijibu, "Kama kawaida, Bi Riziki," nami naendelea kuandika. Lakini ipo siku mimi sitakuwepo, na mtu atakuja mlangoni hapa asijibu hivyo, atasita kwanza. Mpimeni, mshoneeni. Msimwambie mtu ataona. Hayo nilishayasema mimi, na tangu siku hiyo nala peke yangu.